Mwanangu, ule ukili mweupe wa katikati

Mwanangu, baba,

Asalaam aleikum. Huku Bagamoyo hatujambo, mvua za vuli zimeanza kuchungulia na paa la jikoni linavuja palepale linapovujaga kila mwaka. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza adhana ikaifunika, ya pili wajukuu wakanipokonya simu, ya tatu ndo nikaelewa unauliza nini, nikaona haya si mambo ya kujibu kwa voisi, bando litaisha na mie nitaishia kulia bure. Ntakuandikia. Naandika kwa kidole kimoja na kioo unakijua kilivyopasuka, ukikuta neno limeruka usinisahihishe.

Umeuliza mambo mawili. La kwanza, ukoo wamekupa kazi ya kusema maneno kuhusu bibi siku ya hitma ya mwaka, umekaa na daftari ukaandika "alikuwa mcha Mungu na mpenda watu" halafu ukakwama, ukaona kumbe humjui, unachokumbuka ni mikeka, tasbihi na ile sauti yake ya kukuita ukaoge. La pili ni ule mkeka uliopewa baada ya arobaini. Umeutandika sebuleni huko Dodoma, na mkamwana wangu ndo kagundua kuna ukili mmoja (ule utepe wa ukindu uliosukwa, ndo hushonwa pamoja ukawa mkeka) katikati haufanani na wenzie, mkeka mzima zambarau na kijani, ule mmoja mweupe mtupu, kama mdomo uliopungua jino. Unataka kujua bibi alikosea au una maana yake.

Ile sentensi yako si uongo. Lakini mtaa huu una wanawake kibao ambao ukiwasomea hiyo sentensi inawakaa, na siku ya hitma watu wataitikia amina huku wanaulizana pilau imefika wapi. Mi nimekaa na mama huyu nyumba moja miaka arobaini na moja, mimi mkamwana wake, yeye mavyaa wangu, na nakuambia alikuwa mcha Mungu kweli lakini pia alikuwa na wivu, alikuwa na kisirani cha asubuhi, na mikeka yake mizuri alikuwa anaificha uvunguni. Ntafika huko.

Mwaka wa kuzaliwa hakuwa nao. Kitambulishoni wamemwandikia 1939 kwa sababu yeye alikuwa anasema amezaliwa Wazungu wanaanza vita vyao vya pili, karani akapiga hesabu akaandika. Kwao Kaole, kule kwenye magofu ya msikiti wa kale na yale makaburi ya karne na karne, ila kwake hayakuwa magofu, ndo alikokuwa anacheza kombolela na wenzie mpaka shangazi aje na fimbo. Mama yake alimfia yeye bado mdogo, shangazi ndo kamlea, na shangazi alikuwa na sheria moja, mtoto wa kike akitoka chuo cha Kurani anakaa jamvini anasuka pima moja ya ukili kabla hajala. Pima, yaani unyooshe mikono yote miwili, toka ncha ya kidole huku mpaka ncha ya kidole kule. Bibi yako alikuwa anasema alifu kaijua kwa kijiti na ukili kaujua kwa njaa.

Mi nimefika hapa 1982. Baba yako alikuwa fundi umeme Morogoro, tukaonana huko, na mimi ni wa Matombo, Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara. Nilisilimu nikaolewa, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nilisilimu mdomo tu, moyo ulikuwa bado unasikilizia kengele ya Jumapili. Kwenye sanduku langu la bati nilificha rozari ya marehemu mama yangu ndani ya soksi. Siku moja natoka kisimani, naingia chumbani, namkuta bibi yako kafungua sanduku, alikuwa anapanga kanga zangu zilizokauka (au alikuwa anapekua, sijui, wakwe ni wakwe), rozari iko mkononi mwake. Miguu ikaniisha nguvu, ndoo nikaitua vibaya maji yakamwagika chumba kizima. Yeye hata hakuyaangalia maji. Akazipitisha zile shanga kwa kidole gumba moja moja kama anavyofanya tasbihi yake, akauliza, "Ya nani?" Nikasema ya mama. "Yu hai?" Nikasema hapana. Akavua kitambaa alichojifunga kichwani, akaiviringisha humo, akairudisha chini kabisa ya sanduku, akasema, "Basi usiiweke kwenye soksi." Akatoka kwenda kukuna nazi. Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuitaja tena, si kwa baba yako wala kwa mawifi zangu. Ipo mpaka leo, na kitambaa chake.

Sasa kunifundisha dini. Hakuna siku alinikalisha akaniambia leo nakufundisha kusali. Alinipeleka porini kukata ukindu. Tunatoka alfajiri wanawake sita saba, na mkindu unaujua miiba yake, ukiingia kichwa kichwa unatoka unavuja damu. Unachotafuta ni lile kuti changa la katikati ambalo halijafunguka, na kuna ya kuchukua na kuna ya kuacha, ukiutoa moyo wote mti unakufa, mwakani utasuka nywele za mbuzi. Tunarudi na mafungu kichwani, tunaanika siku kadhaa mpaka kijani kinatoka, ukindu unakuwa mweupe, ndo unachanwa chane kwa ukucha. Chukua ile picha ya harusi yako uangalie gumba lake la kulia, ukucha umepasuka katikati. Mkeo aliniuliza kama ni fangasi. Ni chane hizo, mwanangu.

Na ukindu mkavu unakatika, kwa hiyo ukili mzuri unasukwa alfajiri au baada ya alasiri hewa ikiwa na unyevu, na pembeni kuna bakuli la maji la kunyunyizia. Hizo saa unazijua ni saa za nini. Anaswali, hainuki kwenye mswala, na mswala wenyewe kausuka mwenyewe, anavuta nyiradi zake kidogo, halafu anavuta ukili uliolala hapo pembeni anaanza. Chane kumi na tatu. Mi niko mbele yake najifunza, na kila nikikunja chane ananipa neno. Alhamdu. Nakunja. Lillahi. Nakunja. Rabbil. Nikikosea neno ananifumulia ukili, nikikosea ukili ananirudisha mwanzo wa sura. Fatiha nimeipata ndani ya pima tatu. Mpaka leo nikisimama kuswali vidole vyangu vinatingishika, mawifi zangu wanadhani ni uzee.

Ile pima tatu nilitegemea ataishonea kwenye mkeka wa maana, si ndo wa kwanza wa mkamwana. Akashonea tenga la kuku.

Haya, wivu. Unamkumbuka bibi yule wa nyumba yenye mwarobaini? Yeye na bibi yako walikuwa mashoga toka usichana na walikuwa wanaviziana mitindo kama paka na panya. Bibi yako akibuni nakshi mpya, mfano ule mfuatano wa zambarau mbili kijani moja unaopinda kama wimbi, yule akiingia tu uani kusalimia, wiki ijayo unaikuta kwake, tena kaitangaza ya kwake. Kwa hiyo hodi ikipigwa bibi yako anaugeuza mkeka juu chini, anaukalia, kisha anajibu "karibu" kwa sauti ya asali. Wanakunywa chai pale masaa mawili, huyu kakalia nakshi, yule anachungulia pindo. Akiondoka bibi ananiambia, "Umemuona macho yake?" Na mi nilimuona kweli. Hilo ukiweza liweke kwenye hotuba yako, wazee watacheka na wenye kuelewa watajua unamzungumzia nani hasa.

Hela ya mikeka ndo imesomesha, hapo sina maneno mengi. Wateja wake wakubwa zamani walikuwa wa kule misheni ya Wakatoliki, iliyoanza 1868, anapita ile njia ya miembe na mikeka kichwani, na akirudi ananiambia "wamenisalimia watu wako," basi, utani wake ndo huo. Baadaye wakaja wa vitu vya watalii, kuna mmoja alimdhulumu mikeka saba, aliichukua kwa mali kauli na hakurudi. Bibi akamsomea Yasini, akasema kesi kaifikisha panapohusika, akaendelea kusuka. Mi ningeenda polisi.

Kuna kitu kimoja lazima ukiseme siku hiyo kwa sababu watu wanakosea. Watoto wa siku hizi wanasema bibi hakusoma. Bibi yako kasoma. Alihitimu msahafu akiwa mtoto, na Kiswahili alikuwa anakiandika kwa herufi za Kiarabu, barua, madeni ya mikeka, dawa za homa ya watoto, vyote, mkono wake mzuri mpaka unatamani. Halafu ikaja ile kampeni ya elimu ya watu wazima enzi za Mwalimu, redio inahimiza, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya watu wanakaa vikundi chini ya mti wanasikiliza redio kisha wanaenda kuchimba vyoo, mwaka 1975 nchi nzima wanapimwa nani anajua kusoma. Mwalimu wa kisomo akamkuta kwenye orodha ya wasiojua. Alikuwa anaisimulia hiyo huku anapiga paja. Kajibu, "Mie nasoma toka sijaota meno ya pili, wewe ndo hujui ninachosoma." Lakini akaenda darasani, jioni, na kapu lake la chane, na ndani ya msimu mmoja kashaokota herufi za kizungu na kazipeleka moja kwa moja kwenye ukindu. Ndo ikatoka ile mikeka yenye KARIBU. Wa kwanza R imegeuka, inatazama kushoto, maana mkono ulizoea kutoka kulia. Ule mkeka wa R iliyogeuka uko kwa shangazi yako Kibaha na hataki kuutoa hata kwa picha.

Na kaswida. Hili sijui kama ulilijua maana wakati wenu alikuwa kashaacha. Yeye alikuwa mtu wa tarika ya Kadiria, damu na nyama, na kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha Sheikh Ramiya, yule aliyefariki 1931, kwamba aliletwa hapa mji huu mtoto mdogo, mtumwa, kutoka Manyema huko Kongo, akasoma, akapanda, mpaka akawa khalifa wa Kadiria na mabwana wakawa wanambusu mkono. Mtu akianza kujitapa na ukoo mbele ya bibi yako, huyu wa Maka, huyu wa Shirazi, anamwacha amalize halafu anataja hilo jina moja tu, anarudi kwenye ukili. Maulidi makubwa yakikaribia nyumba hii inakuwa kambi, wageni wa Tanga, wa Lindi, wa Unguja, wanalala mpaka barazani juu ya mikeka yake, na yeye yuko kwenye sufuria za pilau na mwiko mrefu kama kasia. Na humohumo anatunga. Anatunga kichwani, midundo ya dufu anaipiga kwa kisigino, halafu anamwita binti wa madrasa anamwambia shika. Nyingi zimepotea maana mabinti wameolewa wametawanyika na hakuna aliyeandika. Mi nina hii moja tu, na hata hii sina yote:

Mikono ikichoka, moyo usichoke,
Jina likitajika, chozi lifutike.

Alizitunga tunachambua mchele gunia zima la wageni, mikono imechoka kweli, sio fumbo. Masheikh wawili watatu hawakupenda sauti za wanawake zisikike barazani, yakasemwa maneno. Bibi yako akahamishia kaswida uani. Sauti ikawa inasikika vilevile, ila sasa inatoka uani.

Usidhani namremba. Alikuwa mgumu. Na dada yake wa tumbo moja hawakusemezana miaka tisa kwa ajili ya minazi kumi na mbili ya Kaole, na mi nilimwambia, tena nikiwa nimejipanga wiki nzima, mama, unaswali tano, unafunga Jumatatu na Alhamisi, na dada yako yuko hapo nyuma ya soko. Akaniambia nichunge sufuria yangu. Na dada akafa hivyohivyo, hawajapatana. Bibi yako alikuwa mwosha maiti wa mtaa, unajua, wanawake walikuwa wanamtaka yeye kwa kuwa mkono wake mwepesi. Basi wakaja kumwambia kwa wasiwasi, tumtafute mwingine? Akachukua kanga yake, akaenda, akaingia na wenzie wawili. Walitoka baada ya muda mrefu kuliko kawaida. Mmoja wa wale wawili aliniambia baadaye kwamba bibi alimchana marehemu nywele na kumsuka upya mara mbili, ya kwanza hakuridhika nayo. Ile minazi sijui hata ilikwenda kwa nani, nadhani imeshakatwa watu wamejenga.

La baba yako naogopa kuliandika lakini umekuwa mtu mzima. Alivyofariki 1998, mvua za El Niño bado zinaangusha miti, wewe una miaka kumi na mbili, utakumbuka watu, hutokumbuka usiku. Usiku wa tatu wanaume wameshatawanyika, wanawake tumelala chini sebule nzima, bibi yako akaamka akaomba kapu lake. Nikasikia wanawake wananong'ona, mama gani huyu, mtoto hajapoa kaburini. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinong'ona nao, nilikuwa na hasira naye mpaka kooni, kwamba huyu ni mikeka tu, hata mwanae akifa ni mikeka. Nikajifanya nimelala namwangalia kwenye mwanga wa kibatari. Anasuka kidogo, anafumua. Anasuka, anafumua. Chane zilezile. Kulipopambazuka zimelainika kama uzi wa pamba, hazifai, na hakuna ukili hata wa shibiri. Akazizoa zote akaenda kuzitia motoni akachemshia maji ya udhu.

Kisha eda yangu, miezi minne na siku kumi, kila alasiri alikuwa anakuja chumbani kwangu, anakaa mlangoni, anasuka. Haongei. Mara mojamoja ananirushia ukili nishike ncha apime. Eda imeisha mikeka mitatu imetoka, akaiuza yote, akanipa hela mkononi akasema anza mandazi. Hivyo ndo nilivyoanza mandazi, mwanangu, yaliyokupeleka sekondari.

Macho yalipoanza kwenda, mtoto wa jicho macho yote mawili, akafanyiwa moja, la pili akakataa kwa sababu zake. Rangi akawa ananiuliza mimi. "Hii zambarau au nyeusi?" Mkono ulikuwa haumuulizi mtu kitu. Miaka miwili ya mwisho alikuwa anasuka ukili wa nyeupe tupu, hataki kudanganywa rangi, pima kwa pima, na alikuwa hasemi ni wa nini, na wala sikumuuliza maana nilishajua. Ule mkeka tuliombebea siku ile, ulimkalia sawasawa, ameushona mwenyewe kasoro taraza, ule ushono wa pindo, ya upande mmoja. Upande huo niliufunga mimi usiku wa kuamkia mazishi, huku wenzangu wanakata sanda pembeni, na taraza yangu mbaya, imelala upande. Safari hii hakukuwa na wa kuifumua.

Haya sasa, ukili wako. Nimeuacha mwisho kwa sababu nilijua nikikujibu mwanzo hutosoma huko kwingine.

Ule mkeka ni wa 1983. Mwaka ule hata kama mtu hana kumbukumbu atakumbuka, maduka matupu, sabuni foleni, sukari foleni, kanga mpaka uwe na mtu, na wale wanaoitwa wahujumu uchumi wanakamatwa, watu wanatupa bidhaa baharini na chooni. Rangi ya mikeka utaipata wapi? Bibi yako akapata pakiti moja ya zambarau, imekuja na jahazi kutoka Unguja ndani ya debe la karafuu, inanukia karafuu mpaka mkeka wenyewe ukanukia. Kahesabu, inatosha mkeka mmoja kamili. Kachemsha nusu, kasuka. Kabla hajachemsha nusu ya pili akaja yule wa nyumba ya mwarobaini. Binti yake anaolewa Ijumaa, hana mkeka wa kumtolea, hana rangi, na safari hii hakuja kuchungulia, alikuja analia. Mkeka uko wazi uani, bibi hakuwahi kuugeuza. Akamtazama shoga yake, akaingia ndani, akatoka na ile nusu pakiti akampa. Mi nilikuwepo, nikabana meno.

Kwa hiyo mkeka ukapungukiwa ukili mmoja wa rangi. Akatia mweupe. Imeisha hiyo. Hakuna siri, baba, rangi iliisha.

Nilimwambia miaka miwili mitatu baadaye, Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, kashaingia, rangi zimejaa dukani za kila aina, mama tufumue tutie zambarau mkeka ukae vizuri. Akasema, "Nani ana muda huo, na wewe una tumbo." Tumbo lenyewe wewe.

Lakini sikiliza vituko. Yule shoga yake alivyopita tena pale uani, kumbe macho yalikuwa yanafanya kazi. Aliona ukili mweupe katikati. Na kwa kuwa bibi yako hakuuficha, akadhani ndo mtindo mpya umeingia. Mkeka wa binti yake ukatoka na ukili mweupe katikati. Watu wakauona harusini, wakaupenda, wakauliza, yule akasema ndo wa kisasa huo. Mwaka uliofuata hapa mtaani na Magomeni kote, kila mkeka una mstari mweupe katikati, na watu wanaulipia zaidi. Bibi yako alivyogundua alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga, kashika mbavu, anasema "rangi iliniishia, rangi iliniishia jamani," na hakuna aliyemwamini. Kwa hiyo mwambie mkamwana wangu asiuone mkeka wake una kasoro, ule ndo mama wa yote.

Usiuweke karibu na dirisha, jua la Dodoma litaula. Usiufue kwa sabuni ya unga, futa kwa kitambaa chenye maji, uanike kivulini, na ukiukunja uviringishe, usiupige mikunjo ukakatika. Mjukuu wangu akiukojolea si neno, umeshakojolewa na wewe.

Na ile sindano kubwa uliyoondoka nayo siku ya arobaini, ukasema utashonea turubai la pikapu. Ile ni shazia yake. Nimeitafuta mwezi mzima nikawatukana watoto wa watu. Njoo nayo ukija kwenye hitma, kuna ukili wa pima tisa kauacha kwenye kapu na mi sina cha kushonea.

Mama yako